Nani Asemaye, Nani Asiyeambiwa? Mwana Kupona na Mekatilili katika Somo la Jinsia

Utangulizi

Somo la jinsia katika fasihi limekwisha pata nafasi yake katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Kabla ya hapo, uhakiki wa Kiswahili wa miaka ya 1970 ulizoea kumtazama mhusika mwanamke kama kielelezo cha jambo jingine lisilokuwa yeye mwenyewe. Kahaba alisimama badala ya unyonyaji wa kibepari, mama alisimama badala ya nchi, na msichana aliyekwenda mjini alisimama badala ya mila zinazopotea. Somo la jinsia lilikuja kurekebisha kasoro hiyo. Lilimtaka mwanafunzi aulize mwanamke yumo vipi katika kazi ya fasihi, na kwa nini yumo hivyo. Swali hilo lilikuwa la haki, nalo limezaa matunda.

Makala haya hayakusudii kulipinga somo hilo. Yanakusudia kuchunguza njia moja ya kusoma ambayo imekua ndani yake hata ikawa mazoea, yaani njia ya jedwali la taswira, na kuonyesha kuwa njia hiyo huwaficha wanawake wa aina mbili: yule asemaye, na yule asiyeambiwa neno. Mifano imechukuliwa hasa katika pwani ya Kilifi na Malindi. Huko mapokeo ya Waswahili na ya Wagiriama yameishi ubavu kwa ubavu kwa karne nyingi, na mwanafunzi atokaye huko huingia darasani akiwa na maarifa ambayo jedwali halina mahali pa kuyaweka.

Jedwali la taswira

Njia yenyewe ni rahisi, na wepesi wake ndio ulioieneza. Mwanafunzi huchora safu mbili. Safu ya kwanza ni ya taswira hasi: mwanamke mtiifu, mwanamke kahaba, mwanamke dhaifu, mwanamke chombo cha starehe. Safu ya pili ni ya taswira chanya: mwanamke mpiganaji, kiongozi, mwenye msimamo. Kisha wahusika hugawanywa. Rosa wa riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi huangukia upande wa kwanza. Lanina wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui huwekwa upande wa pili. Utenzi wa Mwana Kupona hupelekwa upande wa kwanza mara tu utajwapo, na Mekatilili wa Menza hupandishwa upande wa pili hata kabla habari zake hazijasomwa. Swali la mtihani nalo hulingana na jedwali: mwanafunzi hutakiwa ajadili taswira ya mwanamke, naye hujibu kwa kutaja sifa na kutoa hukumu.

Matokeo yake kwa mwanafunzi hayaishii katika karatasi ya mtihani. Ikichukuliwa hali ya darasa lenye msichana wa Kiswahili kutoka mjini Malindi na msichana wa Kigiriama kutoka Ganze, jedwali huanza kuwagawanya wasomaji kama lilivyowagawanya wahusika. Wa kwanza, aliyekuja amevaa buibui, na ambaye nyumbani kwao wasia wa mama kwa binti ni jambo la heshima, hujikuta ni mrithi wa utiifu. Wa pili hupewa urithi wa ushujaa ambao hakuuomba, na kila azungumzapo hutarajiwa asikike kama shujaa. Mwanafunzi wa kiume naye hubaki na njia mbili tu: kujitetea kama mshitakiwa, au kukubali kila neno ili apate alama. Hapo somo limeacha kufundisha kusoma, limeanza kuwapangia watu mahali pao. Tena mpango huo unachochea dharau ya zamani kati ya mwenye mji na mtu wa bara, dharau ambayo pwani hiyo inaijua vyema.

Ushahidi wa lugha yenyewe

Lugha ya Kiswahili ingetosha kumtahadharisha mhakiki. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viwakilishi. Yeye ni yeye. Ngeli ya watu haina upande wa kike. Kwa sababu hiyo wako waliodai kuwa lugha hii haina upendeleo. Lakini kitenzi kimoja kinatosha kuonyesha kuwa dai hilo halina msingi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wawili wakitajwa pamoja husemwa wameoana. Kiambishi cha kutendwa kimemshika mwanamke katika tendo lililo kubwa kuliko mengi katika maisha yake.

Mwanafunzi akiishia hapo, atakuwa amepata mfano mwingine wa kutia katika safu ya kwanza. Lakini wasemaji hawaishii hapo. Mwanamume anayekwenda kukaa katika nyumba ya mkewe na kulishwa naye husemwa kwa kejeli kuwa ameolewa. Kitenzi kile kile, kikigeuziwa mtu wa kusemwa, huwa mkuki. Maana haimo katika umbo la neno peke yake. Imo katika kinywa cha msemaji, katika sikio la msikilizaji, na katika kikao walichomo. Kadhalika neno jinsia lenyewe, ambalo ni jamaa ya neno jinsi, hubeba mizigo miwili: hutumika kwa mambo ya maumbile na mahusiano ya mwili, na hutumika pia kwa nafasi ambazo jamii imewapa wanaume na wanawake. Mwanafunzi anayekwenda nyumbani likizo na kumwambia bibi yake kuwa anasoma jinsia hana budi kueleza ni jinsia ipi. Maelezo hayo, anayoyatoa kwa lugha ya nyumbani na mbele ya mtu wa kumheshimu, pengine ni mtihani mgumu kuliko ule wa chuoni.

Mwana Kupona: mjane mwenye wino

Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mwenyeji wa Pate, na mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepambana na utawala wa Sultani wa Unguja. Bwana Mataka alikufa mwaka 1856. Basi utenzi huu unaosifika kuwa mafundisho ya mke kwa mumewe ulitungwa na mwanamke asiyekuwa na mume, mjane wa mtu aliyepinga dola, naye akiwa mgonjwa. Alikufa miaka michache tu baada ya kuutunga.

Msomaji anayeanza na jedwali huyapita mambo haya. Huanza na beti za kumtii mume, kumlaza na kumpepea, akatoa hukumu. Hauulizi utenzi unaanzaje. Unaanza kwa mama kumwita binti yake akae karibu naye na wino na karatasi. Katika pwani ya karne ya 19, hapo pana mwanamke anayesema, mwanamke anayeandika, na maandishi yanayokusudiwa kudumu. Baada ya mafundisho ya dini, ya adabu, ya nyumba na ya mume, sehemu kubwa ya utenzi ni dua: mama anawaombea watoto wake na jamaa zake, na anajiombea mwenyewe. Mwishoni anawaalika wanawake wote wausome. Kikao cha utenzi huu, tangu mwanzo hadi mwisho, ni cha wanawake.

Yafaa pia kukumbuka kuwa utenzi umefika darasani kwa njia fulani. Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lenye kuutaja kuwa ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo liliufunga mlango kabla msomaji hajaingia. Dua, mwaliko wa wasomaji wa kike na ujane wa mtunzi vyote vilibaki nje. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliutazama upya kwa kufuata lugha, ushairi na mamlaka yaliyomo, akaonyesha kuwa hauwezi kusomwa kama hati ya utiifu tu. Hata hivyo, hukumu ya jina lile la mwaka 1934 ingali inaishi katika majibu mengi ya mitihani, ingawa wanaoiandika hawajui wameirithi wapi.

Mekatilili: mama mwenye kuku

Upande wa pili wa jedwali nao una matatizo yake. Mnyazi wa Menza anajulikana kwa jina la Mekatilili, maana yake mama wa Katilili. Jina ambalo ushujaa wake umelibeba ni jina la uzazi. Jedwali lile lile linalouhesabu umama kuwa taswira ya kijadi, ya kufungiwa nyumbani, linampandisha shujaa huyu kwa jina la mtoto wake bila kuona kuwa limejipinga.

Habari zake zajulikana kwa mapana. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka kodi, ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba na miradi yake, na ilitaka Wagiriama waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wahame. Mekatilili alizunguka akikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, na pamoja na Wanje wa Mwadorikola akahimiza kiapo: mukushekushe kwa wanawake, na fisi kwa wanaume. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wote wawili walikamatwa, wakapelekwa Kisii. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 serikali iliilipua kaya kuu ya Wagiriama kwa baruti, na vita vikazuka. Mekatilili alikamatwa tena, na hakurudi kwao hadi mwaka 1919. Cynthia Brantley ameyaeleza mapambano hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1981.

Maelezo hayo yakisomwa vizuri, yanaonyesha kuwa mwanamke huyu hakupigana ili kuuvunja mpango wa kale. Alitaka kaya irudishiwe heshima yake, viapo viheshimiwe, na wazee waliogeuzwa vibaraka waache kutumika kama mikono ya serikali. Mwanafunzi anayemsifu kama mpinga mila amesifu mtu ambaye hakuwahi kuwako. Tena silaha yake kubwa ilikuwa lugha ya ishara. Masimulizi yanayopendwa zaidi yanasema alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamtaka mtawala Mwingereza Arthur Champion achukue kifaranga kimoja. Champion alipojaribu, kuku akamdonoa. Hapo akamwambia kuwa hivyo ndivyo atakavyopata akithubutu kuchukua vijana wa Kigiriama. Msichana wa pwani ye yote aliyewahi kuona mke mwenza akijibiwa kwa maneno ya kanga, bila jina kutajwa na bila sauti kupandishwa, anaijua fani hii. Anaijua kwa sababu amekua nayo, na ingempasa aihakiki kwa mamlaka hayo. Lakini jedwali halimwulizi juu ya fani. Linamwuliza kama mhusika ni shujaa.

Asiyeambiwa neno

Basi yafaa maswali mengine yatangulie: Nani anasema? Anamwambia nani? Katika kikao gani? Na hapo hapo liongezwe swali la nne, ambalo ndilo zito: Nani yumo katika maneno lakini haambiwi neno?

Swali hili likiulizwa juu ya Utenzi wa Mwana Kupona, jibu liko wazi. Mama anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Katika wasia huo wa mwanamke kwa wanawake, mwanamke mtumwa anatajwa, lakini haitwi kuja karibu, hapewi wino wala karatasi. Wengi wanaoukosoa utenzi huu kwa jina la jinsia huupita ubeti huo, kwa kuwa macho yao yamo katika mke na mume tu. Walioutetea kwa jina la dini au la adabu nao wameupita vile vile.

Kwa mwanafunzi wa Kilifi na Malindi, ubeti huo hauko mbali. Miaka michache tu baada ya utenzi kutungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1860, mji wa Malindi ulifufuliwa chini ya Sultani wa Unguja kwa mashamba makubwa ya nafaka, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Frederick Cooper ameyaeleza katika utafiti wake wa mwaka 1977. Watumwa waliotoroka walijenga makao yao katika bara ya pwani hiyo, karibu na Wagiriama. Masimulizi juu ya Mekatilili mwenyewe yanasema kaka yake mmoja alichukuliwa na wafanya biashara ya watumwa. Kwa hiyo darasani huenda wamekaa wajukuu wa mama mwenye wino, wajukuu wa mama mwenye kuku, na wajukuu wa yule mwanamke aliyekuwa akitwanga na kuteka maji huku wasia ukiandikwa. Jedwali lenye safu mbili halina safu kwa ajili ya huyu wa tatu. Si hasi wala si chanya, hayumo. Na somo linalodai kumtafuta mwanamke katika fasihi likimpita mwanamke huyo, limerudia kosa ambalo lilikuja kulirekebisha.

Kikao cha Kadhi

Mfano mmoja ulio nje ya vitabu vya fasihi unaonyesha faida ya njia inayopendekezwa. Mtaalamu wa Marekani Susan Hirsch alichunguza mashauri ya ndoa katika mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa, akatoa kitabu mwaka 1998. Taswira iliyozoeleka ni kwamba mwanamume Mwislamu hutamka talaka, na mwanamke huvumilia. Uvumilivu huo ungewekwa katika safu ya kwanza ya jedwali bila kusita. Lakini Hirsch alisikiliza mashauri yenyewe. Aliona kuwa wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake. Kwamba husimulia barazani mambo ambayo adabu huyaita siri za nyumba. Kwamba hujieleza kama watu waliovumilia mpaka uvumilivu ukafika kikomo. Na kwamba mara nyingi hushinda.

Neno vumilia, basi, lina kazi mbili katika kinywa kimoja. Nyumbani ni amri anayopewa mwanamke. Mbele ya Kadhi ni ushahidi anaoutoa. Mwanafunzi anayejua neno hilo kwa maana ya kwanza tu hawezi kuufasiri utenzi wo wote wa wasia, wala shairi, wala tamthilia. Na mwanafunzi kutoka Malindi, ambaye pengine amewahi kusikia shangazi au jirani akijiandaa kwa maneno kabla ya kwenda kwa Kadhi, ana hazina ambayo mwalimu wake huenda hana.

Pingamizi moja

Inaweza kudaiwa kuwa njia hii italeta udhuru kwa kila jambo. Ikiwa kila neno litategemea kikao, basi hakuna amri itakayoitwa amri, na dhuluma itafunikwa kwa uzuri wa fani. Pingamizi hili lina uzito. Utenzi unaomwamuru binti amtii mume bado unamwamuru. Lugha inayosema mwanamke huolewa bado inasema hivyo. Mwanafunzi aliye na uchungu juu ya mambo hayo hapaswi kunyamazishwa kwa kuambiwa asome mazingira.

Lakini mfano wa mtumwa katika utenzi unaonyesha kuwa maswali manne yaliyotajwa hayalegezi hukumu. Yanaipeleka mahali panapostahili. Hukumu ya jedwali ilikuwa nyepesi mno: ilimlaumu mtunzi kwa utiifu wake, ikamsamehe umiliki wake bila hata kujua kuwa imemsamehe. Mhakiki aliyeuliza nani haambiwi anaweza kumheshimu Mwana Kupona kama mtunzi na kama mama, na papo hapo asimwondolee lawama hiyo. Kadhalika anaweza kumstahi Mekatilili bila kumvika nguo za karne nyingine.

Hitimisho

Mapendekezo yatokanayo na uchunguzi huu si ya gharama. Kwanza, swali la taswira ya mwanamke lisiwe swali la kwanza la somo wala swali la mwisho la mtihani. Litanguliwe na maswali ya msemaji, msikilizaji, kikao na asiyeambiwa. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kuleta ushahidi wa lugha ya kwao, iwe Kigiriama au Kiamu, na kuufasiri kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa kazi hiyo ya kufasiri ni uhakiki kamili. Ruhusa hiyo isigeuzwe kuwa amri ya kumfanya shahidi wa kabila lake au wa dini yake mbele ya wenzake. Tatu, maandishi yenye sauti za wanawake wenyewe yapewe nafasi pamoja na riwaya na tamthilia. Masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1991, yangefaa kusomwa bega kwa bega na utenzi wa mwaka 1858.

Pwani yenyewe inayo maabara yake. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haiko mbali. Nayo mahakama ya Kadhi iko Malindi. Mwanafunzi anayetoka katika pwani hiyo hapungukiwi na vielelezo. Anachohitaji ni somo litakalomwuliza alichokisikia, nani alikisema, na nani aliyekuwapo chumbani akitwanga, ambaye hakuna aliyemgeukia.